Kalamu za kuandikia namba kwenye mikanda ya nailoni: zilizonifaa na nilizoziacha

Ninatunza depo ya kampuni ndogo ya kazi za juu hapa Lubumbashi. Vijana wetu wanapanda milingoti ya simu, wanapaka rangi matangi, na wakati mwingine wanaitwa kutengeneza mapaa kwenye mitambo ya shaba. Kila mkanda wa usalama unaotoka depo lazima uwe na namba yake, na kila kifaa kikaguliwe angalau mara moja kila miezi 12, kama inavyodai kanuni ya Ulaya EN 365. Mkanda usio na namba hauwezi kuingia kwenye daftari la ukaguzi, na hapo huwezi kujua upi uliwahi kumdaka mtu na upi haujaguswa. Ndiyo maana nimelihangaikia jambo hili la kalamu kuliko watu wanavyodhani linastahili.

Lililonisukuma ni mzigo wa mikanda iliyokwisha kutumika, tuliouziwa na kampuni moja iliyofunga kazi. Namba zilikuwa zimechorwa kwa marka nene nyeusi kwenye mikanda ya mapaja, pale pale panapobeba mwili mtu akianguka. Wino ulikuwa umepenya hadi upande wa pili. Nilipoukunja mkanda, sehemu isiyo na wino ilijikunja laini, lakini kwenye ile namba ulikuwa umekakamaa kama boksi la karatasi. Muuzaji akasema, “Papa, ule ni wino tu.” Niliukataa mzigo wote, na shefu wangu, baada ya kunung'unika kidogo, alikubali.

Wino si “wino tu”. UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, liliwahi kutoa onyo kuhusu kuandika kwenye kamba kwa kalamu za wino. Majaribio yao na ya baadhi ya watengenezaji yalionyesha kwamba uwezo wa kamba kuhimili maanguko unaweza kupungua hadi karibu nusu, hata kwa kalamu zinazouzwa makusudi kwa kazi hiyo. Kwa macho huoni kitu. Kamba inabaki nzuri na rangi yake ileile.

Watu wa parachuti walionja jambo hili kwa njia nyingine. Nailoni iliingia kwenye parachuti wakati wa Vita Kuu ya Pili, hariri ya Japani ilipokosekana, na mpaka leo ndiyo kitambaa chao. Miaka ya 1980, Marekani, iligundulika kwamba wavu ulioshonwa kwenye baadhi ya parachuti za akiba za duara ulikuwa na asidi. Parachuti ikikaa imekunjwa, wavu ule uligusana na nailoni na kuila polepole, hadi kitambaa kikawa kinachanika kirahisi kwa mikono. Mafundi wakaanza kupima kwa dawa ya bromokresoli ya kijani, ambayo hugeuka manjano ikikuta asidi. Hakuna mtu aliyemwaga asidi pale. Ilikuja na kifaa chenyewe kutoka kiwandani.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa asidi ni nini. Shaba ya Katanga inatolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfa, na malori yake tunapishana nayo kwenye barabara ya Kasumbalesa. Fundi yeyote wa mitambo ile atakuonyesha suruali yenye matundu. Kwa hiyo kwanza soma lebo: PA ni poliamidi, yaani nailoni, na asidi ni adui yake mkubwa, PES ni poliesta, inayovumilia asidi vizuri zaidi. Depo yetu ina zote mbili, na mimi ninazitunza zote kama nailoni.

Basi nilikusanya kalamu. Rafiki anayefanya kazi maabara alinipa karatasi za kupimia asidi. Niliandika kwenye vipande vya mkanda uliokwisha kufutwa kazi, nikaacha vikauke kabisa, nikadondosha maji yaliyochujwa juu ya mwandiko, kisha nikagandamiza karatasi pale na kuangalia rangi. Kipimo hiki kinaonyesha asidi peke yake. Hakikwambii lolote kuhusu viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha rangi ndani ya wino, kwa hiyo kalamu ikifaulu hapa bado haijapata ruhusa ya kugusa mkanda unaobeba mtu.

Marka za kawaida za papeteri za mjini, yaani maduka ya vifaa vya kuandikia, zile za wino usiofutika, nilizitoa mapema. Zinaandika haraka na bei ni ndogo, lakini wino unatembea kwenye nyuzi: namba 8 inavimba na kuwa doa, na haijulikani ndani mna nini. Kalamu za rangi za mafuta, zile mafundi wa kuchomelea wanazotumia kuandika kwenye mabomba, ni bora sana kwa chuma na mbaya sana kwa nailoni. Zinaacha ngozi ngumu inayopasuka ukikunja, na chini ya ngozi ile huwezi tena kuona kama uzi umekatika. Kwangu hilo tu linatosha kuzikataa. Biki ya kawaida inakwaruza lebo, na jasho linaifuta.

Iliyobaki ni Pigma, kalamu ya kampuni ya Sakura, aliyoniletea binamu kutoka Johannesburg. Wino wake ni wa maji, rangi yake ni chembe zinazoshika kwenye uzi badala ya kusambaa, na hauna asidi. Ndiyo maana watunza nyaraka wanaipenda. Karatasi yangu ya kupimia haikubadilika. Kwenye lebo ya kitambaa inaandika safi, na mwandiko umevumilia kuoshwa kwa sabuni laini na jua la hapa. Ina kasoro zake: ncha ni nyembamba na inaharibika ukiigandamiza kwa mkono wa fundi, na kwenye lebo ya plastiki inayoteleza haishiki kabisa, unaipangusa kwa kidole. Nunua yenye ncha nene, na uiache ikauke vizuri kabla ya kuurudisha mkanda mfukoni.

Hata hiyo Pigma siiweki kwenye mkanda wenyewe. Ninaandika kwenye lebo ya mtengenezaji, kwenye nafasi aliyoiacha kwa ajili hiyo, na maelekezo yake ndiyo yenye neno la mwisho. Lebo ikijaa au ikiwa ya plastiki, ninafunga kibao kidogo cha plastiki kwenye kitanzi kisichobeba uzito. Vijana walilalamika kwamba kibao kinagongagonga, nikakifupishia uzi, wakanyamaza.

Kwa anayetaka: hapa mjini sijaiona Pigma kwenye papeteri yoyote, kwa hiyo agiza kwa mtu anayesafiri Afrika Kusini, na umwambie alete nyeusi. Niliyoletewa ya bluu inasomeka vibaya kwenye lebo ya kijivu, hasa jioni taa ya depo inapokuwa hafifu.