Mashine ndogo ya kuzungusha kwa kunolea: panga ndiyo, kisu cha jikoni kwa tahadhari

Mashine ninayotumia, ya kushika mkononi na yenye kijiwe cha kunolea kinachozunguka kwenye ncha, ni ya bei nafuu, ya aina ile watu huiita Dremel hata ikiwa ya kampuni nyingine. Ukienda dukani, angalia kwanza kama ina swichi ya kurekebisha kasi. Mashine hizi hufika mizunguko 30,000 kwa dakika na kupita, na kwa kunoa kasi hiyo ni balaa. Mimi sizidi 10,000 hivi.

Kwenye panga nimeridhika kabisa. Makali yaliyogonga mawe shambani yakabaki na mapengo hunyooka upesi, kazi ambayo kwa tupa ingeniumiza mkono. Nalibana panga kwenye jiliwa, navaa miwani na barakoa, basi.

Kisu cha jikoni ni habari nyingine. Bapa lake ni jembamba, na ukingoni joto halina pa kwenda. Chuma kikianza kuwa na rangi ya majani makavu, acha mara moja. Kikifika bluu, kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ugumu umeshatoka: kitakata vizuri leo, baada ya siku chache ni butu tena. Kwa hiyo nagusa kidogo tu, napitisha kijiwe kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha bila kusimama, kisha nachovya kisu kwenye maji. Ukisimama mahali pamoja unachimba shimo, na makali yanakuwa mawimbi. Kabla ya kuanza napaka ukingo wino wa maka peni. Wino unapofutika ndipo jiwe lilipogusa, na hapo najua kama nimelaza kisu sawasawa.

Hata hivyo mashine haimalizi kazi. Huacha unyuzi wa chuma uliojikunja ukingoni, na huo nauondoa kwa kinoo, kwa mkono, kisu kikiwa kimelala kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Bila hatua hiyo kisu kinakwaruza nyanya badala ya kuikata.

Mwenye visu vya jikoni tu sioni sababu ya kununua mashine. Kinoo chenye upande wa kukwaruza na upande laini kinamtosha, na makali yake ni mazuri zaidi. Ila kwa kisu cha mkate, chenye meno, kinoo hakifui dafu. Hapo nafunga kwenye mashine kijiwe chembamba chenye umbo la pia ya kuchezea, naingia jino moja moja, upande ule uliochongwa tu, kwa kasi ya chini kabisa.