TAHADHARI: Dawa ya waridi ya kukinga mabomba ya karavani ni maji ya rangi

Wenye karavani, kabla baridi haijashika nisomeni kwanza. Mimi nimeshalizwa.

Kuna fundi anatangaza mtandaoni kazi nzima kwa mkupuo: pampu mpya ya volti 12, koki tatu za kuikwepesha hita ya maji (dawa ipite kando ya tangi lake), na madumu ya dawa ya kuzuia maji yasigande. Bei nafuu, ulimi mtamu. Alimaliza chini ya saa moja, akafungua bomba la jikoni nikaona waridi linatoka. "Bosi, lala usingizi." Nikalala kweli.

Baridi ilipoisha nikawasha pampu, ikawa hainyamazi. Kikombe cha chujio chake kimepasuka, vali ya choo inavuja, na nyuma ya bafu bomba limechanika. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Plastiki ifanye nini?

Dumu moja lilikuwa limebaki robo. Nikamimina kikombe, nikakiweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi: barafu ya waridi, ngumu, ukiigonga inalia. Dawa halisi ya propilini glaikoli, ile isiyoongezewa maji, kwenye friza ya nyumbani huwa kama uji mzito, haiwi jiwe. Ndipo nikakumbuka kwamba madumu yote alikuja nayo sili zikiwa zimeshakatwa, nami sikuuliza.

Kilichoniuma zaidi ni hita. Koki aliziweka, ila ya katikati aliiacha imefungwa na zile mbili za hita wazi, yaani kinyume kabisa. Tangi la hita hakulimwaga maji. Ndiyo maana alinifungulia bomba la baridi tu. La moto lingetoa maji matupu, hakuligusa! Tangi limepasuka kwenye mshono.

Na nina bahati ilikuwa maji. Wapo wanaojaza kulanti ya rejeta, ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na huua figo. Rangi isikudanganye, rangi hutiwa tu, soma lebo. Za spiriti nazo hushika moto na kukausha raba.

Akija kwako, madumu yafunguliwe mbele ya macho yako, na kila bomba lifunguliwe, la moto na la baridi, hadi la kuogea la nje.

Simu yangu hapokei tena. Tangazo kalirudisha kwa jina jipya, picha zilezile: ya kwanza ni pampu juu ya taulo la bluu lenye doa la grisi.