Batri ya saa 18 niliyouziwa Nyawera, na saa 7 nilizozipata

Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Kadutu, Bukavu. Wanafunzi wakianza kuleta kazi zao za mwisho wa masomo, umeme ukikatika mchana wateja wanahamia kwa mwenye jenereta, nami nawatazama. Mwezi uliopita nikatoa dola 140 kwenye duka moja la Nyawera, nikabeba batri ya jeli ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, yaani kipimo cha umeme unaokaa ndani). Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani, nilikuwa nayo.

Muuzaji aliniuliza ninawasha nini. Nikamtajia: kompyuta wati 45, printa ya wino 12, taa 9. Jumla 66. Akazidisha 12 kwa 100, akapata wati-saa 1200, akagawa kwa 66. "Mama, iyi itakufikisha masaa kumi na nane!"

Kugawa aligawa vizuri. Lakini batri ya jeli haikamuliwi hadi tone la mwisho; ukiishusha chini ya nusu kila siku, inakufa mapema. Kwa hiyo ile 1200 ni 600 ya kutumia. Inveta nayo inapogeuza umeme inameza kama sehemu moja ya kumi, zinabaki 540. Tena yangu, hata isipobeba kitu, inavuta wati 8, nimeipima kwa mita. Basi gawa 540 kwa 74: saa 7 na robo.

Jumamosi nikaijaribu, na siku hiyo printa haikupumzika. Nimewasha saa 2:10 asubuhi, nimezima saa 9:05 alasiri. Nikaiacha ikae saa nzima bila kazi, mita ikasoma volti 12.1, ambayo kwa batri hii ni kama nusu. Saa 6 na dakika 55! Nilifurahi sana, maana sasa najua kazi ipi niipokee na ipi niiambie ingoje kesho.

Batri yenyewe naisifu. Angalieni tarehe iliyogongwa ubavuni: ya kwanza waliyonitolea ilikuwa imekaa dukani zaidi ya mwaka, nikaikataa, wakaleta ya miezi 3 bila kununa. Garanti ya miezi 6 waliiandika na kupiga muhuri. Ya pili nitainunua hapohapo.

Printa ya leza msiiunganishe. Ikipasha moto inavuta mamia ya wati, na inveta yangu ya wati 300 inalia kisha inajizima, karatasi ikiwa nusu ndani.