Wikiendi ya kula Dar: tulikokula, tulicholipa, na pale nisikorudi

Kwa mtu anayeishi Dodoma au Morogoro, Dar sasa ni safari ya kwenda kula tu. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mpaka Dodoma mwezi Julai 2024, unatoka kazini Ijumaa, unapanda, na hazifiki saa nne unashuka katikati ya jiji. Nauli ya daraja la kawaida tulilipa shilingi 31,000 kila mmoja. Nilikwenda na mdogo wangu wa kike, ambaye kwa pilipili hana mpinzani nyumbani kwetu, na hatukuwa na shughuli nyingine yoyote. Hatukwenda harusini wala msibani. Tulikwenda kula.

Niseme mapema kipimo changu, maana ndicho kitakachonifanya nisifie hapa na nilalamike pale. Mgahawa ninaouamini ni ule ambao chakula kinaisha. Ukiagiza, mhudumu akakujibu bila kona kuwa hicho kimeisha, chukua hiki, mimi moyo wangu unatulia. Maana yake walinunua cha leo, wamepika cha leo, na wateja wamekimaliza. Mahali ambapo kila kitu kipo, saa zote, siku zote, najua kuna friza kubwa sana nyuma ya jiko. Dar ina pande zote mbili, na wikiendi moja inatosha kuziona.

Ijumaa jioni tulianzia Mamboz, ile ya kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro. Ukipita pale mchana unaweza usijue kuna nini. Uhai wake unaanza jua likizama, maduka ya jirani yakishafunga: majiko ya mkaa yanawaka, meza zinapangwa nje, na moshi unakuonyesha njia tangu ukiwa mbali. Mchomaji tuliyemkuta hakuwa anakaa hata dakika moja. Anageuza mishikaki kwa vidole vitupu, anapaka viungo kwa brashi, anampungia moto kuku aliyeanza kulegea, na huku anaitikia oda za watu watatu bila kuandika popote. Tulimwagiza yule kuku wanayemwita gajjar, mwenye masala makali, na mishikaki ya ng'ombe. Kuku akapatikana. Kuhusu mishikaki kijana wa meza akasema, "Dada, ya ng'ombe imeisha sasa hivi, mwenzako pale ndiye kachukua ya mwisho. Nikuletee kuku wa ndimu?" Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na watu bado wanaingia. Angeweza kutuletea chochote. Hakufanya hivyo.

Kuku alikuja akiwa anachuruzika mafuta, ngozi imeshika rangi ya matofali, na ukimpasua ndani nyama ni nyeupe na ina maji yake. Masala hayakukaa juu tu, yalikuwa yameingia mpaka kwenye mfupa, na hilo haliwezekani bila kumlaza kuku kwenye viungo saa nyingi kabla ya moto. Tulikula na naani ya moto na chipsi masala. Mdogo wangu alitokwa na jasho mpaka kwenye kope na hakuacha. Kwa wawili, pamoja na maji na soda, tulilipa kama elfu thelathini na kitu. Kasoro ipo: kelele za magari, na ukifika saa mbili unasimama kusubiri meza. Pombe haiuzwi, kwa hiyo mwenye kutaka bia apange mahali pengine baadaye.

Jumamosi asubuhi tulirudi mitaa ile ile, Kisutu, tukanywa chai K-T Shop. Nakuomba usile chai ya hotelini hata kama imo ndani ya bei ya chumba. Kunywa kikombe cha maji kisha toka. Pale chai ya maziwa inachemshwa mpaka inakuwa nzito, na kababu zinakuja zikiwa bado zinaimba mafuta. Kilichonipeleka mimi hasa ni chatne ya nazi. Nazi yake imesagwa laini, ina ndimu na pilipili mbichi, na inaburudisha kinywa katikati ya vitu vyote hivyo vya kukaangwa. Nilimwaga juu ya kababu, nikamwaga juu ya bajia, mwishowe nikawa nachovya chapati. Wateja ni mchanganyiko ninaoupenda Dar: mzee wa Kihindi na gazeti lake, madereva, mawakili waliovaa suti, kina mama waliotoka sokoni na vikapu. Hakuna anayekaa muda mrefu. Unakula, unalipa, unampisha mwenzako. Fika mapema, maana kadiri saa nne inavyokaribia ndivyo vitafunwa vinavyopungua.

Nje, kama chai haijakutosha, kuna wauza kahawa chungu wenye birika za shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kipande cha kashata na kahawa mbili, na mwili unaamka.

Kutoka Kisutu tulipanda basi la mwendokasi mpaka mwisho, Kivukoni, tukatembea kidogo hadi soko la samaki la Feri. Hapa ndipo ningekaa siku nzima. Boti zinazovua usiku zinarudi alfajiri, mnada unapigwa asubuhi, na kila saa inayopita bei inashuka na samaki anachoka. Kwa hiyo mwenye kutaka kula vizuri aende kabla jua halijawa kali. Nenda na viatu vya kufunika vidole, maana chini ni maji na magamba.

Namna ya kula pale ni hivi. Unanunua samaki wako mwenyewe, unampa mparuaji amtoe magamba na matumbo, kisha unampeleka upande wa wakaangaji, ambako makarai makubwa yanachemka mafuta tangu asubuhi. Au unanunua aliyekwisha kaangwa, ila mimi napenda kumchagua mwenyewe. Mama yangu ni mtu wa Bagamoyo na alitufundisha tukiwa wadogo: jicho liwe limetuna na linang'aa, lisizame, fungua shavu, matamvua yawe mekundu, mbonyeze kwa kidole, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari. Tulichagua changu wawili wa kadiri, muuzaji akaanza na bei ya juu, mdogo wangu akamwambia, "Kaka, sisi si watalii, tumetoka Dodoma, hata bahari yenyewe tunaiona leo." Akacheka, akapunguza, akaongeza na kibua juu.

Mkaangaji alimchanja yule changu mistari mitatu kila upande, akapaka chumvi, ndimu na tangawizi, akamtosa. Mafuta yalipotulia ndipo alipomgeuza, mara moja tu. Nilimuuliza kwa nini hamgeuzi tena, akaniambia samaki mbichi wa leo anashikana mwenyewe, anayevunjika kwenye karai ni yule aliyelala. Tulikula kwa mikono, tumekaa kwenye benchi, na ndimu, pilipili na ugali wa mama wa jirani. Ngozi inavunjika kama biskuti, ndani nyama inatoka kwa mapande makubwa. Pembeni tukachukua pweza wa kuchemsha, vipande kwenye vijiti, na mchuzi wake kwenye kikombe. Mlo huo wote kwa wawili haukufika elfu ishirini na tano. Sijui hoteli ya nyota ngapi inayoweza kukupa samaki wa namna hiyo.

Alasiri tulivuka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022 kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan, tukatokea Coco Beach kwa ajili ya mihogo. Inachaguliwa minene, inakaangwa au kuchomwa, inapasuliwa katikati, inanyunyiziwa chumvi na kumwagiwa pilipili ya kusaga. Tulipomaliza sahani tukalipa kwa simu, lipa namba imebandikwa kwenye nguzo. Mwambie akukaangie mipya, usikubali iliyolala kwenye kabati la kioo. Jumamosi kuna nafasi. Jumapili jioni jiji lote linahamia pale.

Sasa niliseme lililoniuma.

Jumamosi usiku tulitaka kukaa vizuri, tuvae, tule mezani penye kitambaa cheupe na bahari mbele. Tukaenda kwenye mgahawa mmoja upande wa Masaki, jina siliweki. Mahali pazuri kweli, taa laini, upepo, muziki wa kiasi. Menyu ilikuwa ndefu kama kitabu: piza, tambi, sushi, biriani, vyakula vya Kimeksiko, samaki wa kila namna. Nikamuuliza mhudumu kipi wamekimaliza. Akasema kila kitu kipo. Niliuliza changu ni wa leo, akasema ndiyo, ni wa leo. Nikaagiza changu mzima wa kupaka, shilingi 48,000, mdogo wangu akachukua biriani ya kamba.

Tulisubiri zaidi ya saa moja. Changu alipofika, juu ameungua na mchuzi wa nazi umemwagwa kufunika. Nilipofika kwenye uti wa mgongo, uma ukagusa ubaridi. Nyama ya pale ndani ilikuwa imelegea, inatoa maji, haina mapande. Mtu aliyekula Feri mchana ule ule hawezi kudanganyika: yule alitoka kwenye friza, akayeyushwa kwa haraka, akapigwa moto mkali kabla hajawa tayari. Kumgandisha samaki si dhambi, watu wanagandisha na wanayeyusha taratibu na wanapika vizuri. Kinachoniudhi ni kuniambia wa leo. Kutoka Feri mpaka Masaki ni mwendo mfupi tu kwa bodaboda. Jiko linalouza samaki kwa bei hiyo lingeweza kumtuma mtu asubuhi akanunue kumi, wakiisha wakasema wameisha, na mimi ningelipa hiyo 48,000 bila kunung'unika.

Msimamizi alipoitwa hakukasirika wala hakuomba radhi, alisema ndivyo wanavyopika. Biriani ilikuwa wali wa manjano uliochanganywa na mchuzi dakika hiyo hiyo. Kisha bili ikaja na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 juu ya bei za menyu, na malipo ya huduma juu yake. Kodi nalipa kwa moyo mmoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilidai nikapewa. Lakini mteja ana haki ya kuiona bei kamili kabla hajaagiza. Mtu anayehesabu fedha zake vizuri, amepanga elfu themanini kwa ajili ya usiku maalumu na mdogo wake, asijikute anapekua pochi mbele ya watu. Chakula cha usiku ule peke yake kilizidi tulichokula Ijumaa usiku, asubuhi na mchana vikiunganishwa. Yule kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu na alikimbia kwa uwezo wake wote, tulimwachia kitu chake mkononi. Kosa halikuwa lake.

Kwa wanaotaka kwenda sehemu za namna hii, ushauri wangu: uliza bei ni pamoja na kodi na huduma au la, kabla ya kukaa. Agiza kitu kimoja ambacho unaona meza nyingi wanakula. Na ukisikia kila kitu kipo, kunywa juisi yako, tazama bahari, ukale kwingine.

Jumapili tulikuwa na treni ya mchana, kwa hiyo tuliamka mapema tukaenda Ilala, kwa mama mmoja anayeuza supu kando ya barabara. Sina jina la mgahawa la kukupa kwa sababu hakuna kibao, kuna turubai, mabenchi na sufuria mbili. Dar imejaa akina mama wa aina yake, uliza dereva wa bajaji yeyote atakupeleka kwa anayemwamini. Tulipofika ilikuwa inakaribia saa tatu na benchi limejaa wanaume waliotoka kwenye mazoezi ya kukimbia.

"Shikamoo mama. Kongoro ipo?"

"Marahaba wanangu. Imebaki ya bakuli moja. Mwingine nimpe utumbo?"

Tukagawana kongoro, tukaongeza utumbo. Mchuzi ulikuwa umechemka usiku kucha, unanata midomoni, hauna kiungo kingine ninachokitambua zaidi ya chumvi, kitunguu na tangawizi. Ndimu unakamua mwenyewe, pilipili unajipimia. Chapati zinatoka kwenye chuma palepale, zina tabaka, ukivuta zinaachana. Bakuli 3,000, chapati 500, na alituongezea mchuzi mara mbili bila kuulizwa. Wateja waliofika nyuma yetu wakitaka kongoro walipewa jibu lile lile kuwa imekwisha, warudi kesho na wawahi. Anaanza kugawa saa kumi na mbili asubuhi. Ukitaka kongoro Jumapili, uwe umeshakaa kwenye benchi kabla ya saa mbili.