High Noon: nilitaka picha ya kauboi, nikaletewa mkutano wa mtaa

Picha hii nimeilipia mara mbili. Mara ya kwanza nilijaziwa kwenye flashi, kwenye kibanda kimoja mjini, pamoja na nyingine mbili. Nafika nyumbani, nachomeka, Gary Cooper huyo hapo, kanenepa kama pipa, kofia pana kama sinia la pilau. Aliyeinakili alikuwa ameivuta kushoto na kulia ili ijaze kioo cha televisheni za siku hizi, na picha hii ni ya 1952, enzi ambazo fremu ilikaribia mraba. Hilo ningelivumilia. Lakini ilipofika kwenye tukio la kanisani ikakwama, na haikwenda tena. Ya pili nikailipia mtandaoni kihalali, ikaja safi, ina mistari myeusi pembeni. Mistari hiyo iacheni hivyo hivyo, msiguse rimoti.

Nilikuwa naangalia na baba mdogo. Yeye ujana wake kaumalizia kwenye viti vya sinema za Avalon na Empress pale Dar, na ana kanuni zake: steringi hafi, na picha isiyotoa risasi dakika kumi za mwanzo bado haijaanza. Kwa kanuni hiyo, High Noon inaanza ikiwa karibu kuisha. Nusu saa ya kwanza alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, una uhakika umenunua yenyewe?"

Hadithi ni nyepesi. Will Kane, ndiye huyo Cooper, afande wa mji mdogo unaoitwa Hadleyville, anafunga ndoa asubuhi na kuivua nyota yake ya bati. Hata pongezi hazijaisha, telegramu inaingia: Frank Miller, jambazi ambaye Kane mwenyewe alimtia ndani, kasamehewa na anashuka na treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wameshafika stesheni wanamsubiri. Kane anaondoka na mkewe kwa mkokoteni wa farasi, halafu anageuza njiani. Kuanzia hapo saa za ukutani ndizo zinazoongoza. Picha nzima ni dakika 85, na muda wa mle ndani unakwenda karibu sambamba na saa yako ya sebuleni.

Sasa utadhani mtu anakwenda kupanga vita. Hapana, anakwenda kupiga hodi. Na uhondo wote uko hapo, kwenye majibu ya kila mlango.

Hakimu aliyemfungisha ndoa muda mfupi uliopita ndiye wa kwanza kufungasha. Anaikunja bendera ya ukutani, anatia mizani ya haki kwenye begi la farasi, huku anampa Kane somo la historia. Msaidizi wa Kane, Harvey, yuko tayari kusaidia, ila kwanza aahidiwe cheo. Karani wa hoteli anaonyesha wazi kwamba enzi za Miller biashara ilikuwa nzuri zaidi. Baa imejaa watu wanaomchukia kimya kimya. Yuko mwingine kajifungia ndani, kamtuma mkewe mlangoni aseme bwana hayupo. Kinyozi ndiye aliyenimaliza. Kane anaingia kunawa uso, nyuma ya ukuta nyundo inagonga mbao, kisha inanyamaza ghafla. Majeneza yale. Kane anaelewa, na wakati anatoka anamwambia kinyozi kwamba fundi wake anaweza kuendelea na kazi. Wala hapazi sauti.

Kanisani ndipo baba mdogo alipoacha kulalamika. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka mingi, kwa hiyo mkutano anaujua. Kane anaingia, anaomba watu. Wanaume kadhaa wanasimama mara moja. Mmoja anasema ngojeni kwanza tujadili, watoto wanatolewa nje, na ukishasikia "tujadili" ujue shughuli imekwisha. Mwisho anasimama mkubwa wa mji, rafiki wa Kane kabisa, anammwagia sifa mpaka unajua anakuja kumchinja: watu wa kaskazini wanafikiria kuleta fedha zao hapa, kujenga maduka na viwanda, wakisikia risasi mtaani watabadili mawazo, kwa hiyo bora bwana Kane uondoke tu. Hakuna hata mmoja mle anayejiona mwoga. Kila mtu ana hoja, na hoja nyingine ukizisikiliza vizuri zina mantiki, ndiyo maana zinatisha.

Aliyeandika mchezo huu, Carl Foreman, hakuyatoa mbali. Mwaka 1951, kazi ya picha ikiwa inaendelea, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti huko Hollywood. Akakataa kutaja wenzake, milango ikafungwa, akahamia Uingereza. John Wayne, steringi mkubwa wa picha za kauboi, aliichukia picha hii, na mwaka 1959 yeye na mwongozaji Howard Hawks wakatoa Rio Bravo kama jibu: afande wa kweli hazunguki mji mzima kuomba msaada. Baba mdogo ni mtu wa Wayne tangu utoto, akaanza kukubaliana na hoja hiyo, kisha akasita.

Wa kumtazama sana ni Helen Ramírez, anayechezwa na Katy Jurado wa Mexico. Ana mali pale mjini, aliwahi kuwa na Miller, akawa na Kane, sasa yuko na Harvey. Ndiye anayeujua mji kuliko wote, kwa hiyo anauza hisa zake mapema na kukata tiketi. Akiwa kwenye fremu moja na Grace Kelly, mke wa Kane, macho yangu yalibaki kwa Helen. Kelly kapewa kazi ngumu: ni wa dhehebu la Quaker, wale ambao Kenya ya magharibi wanaitwa Marafiki, hataki kusikia habari za bunduki, lakini kwa muda mrefu anakaa tu akisubiri treni.

Kasoro? Ule wimbo. Ni mzuri, ulichukua Oscar, lakini unarudi na kurudi mpaka nikawa najua zamu yake. Na ugomvi wa ngumi kwenye zizi la farasi ningeupunguza. Rangi nyeusi na nyeupe isiwatishe. Mbingu imeachwa nyeupe tupu, jua linachoma, na kamera inapopanda juu kumwonyesha Kane peke yake barabarani, utajua kwa nini. Nyota nne kati ya tano. Mwisho siutaji.

Ilipoisha baba mdogo hakuuliza habari za risasi. Alitaka nirudishe pale kwa yule aliyemtuma mkewe mlangoni. Akaangalia, akacheka kidogo, halafu akamtaja mtu mmoja wa mtaani kwetu, kwa majina yake yote matatu.