Hamsta mzima, tundu la ndege: tathmini ya duka la wanyama wa kufuga, Mwanza

Mwezi wa saba nilimnunulia binti yangu hamsta kibete, mnyama mdogo wa jamii ya panya, katika duka moja la wanyama wa kufuga hapa katikati ya jiji, na kwa kuwa tumekaa naye miezi minne, naweza kulitathmini duka hilo bila hasira za wiki ya kwanza. Kwa shilingi 85,000 nilipewa mnyama, tundu, gurudumu la kukimbilia, chupa ya maji na mfuko wa chakula.

Mnyama mwenyewe sina la kumlaumu. Ni yule wa nyika za Siberia na Kazakhstan, mwenye mstari mweusi mgongoni, asiyefikia hata urefu wa kidole changu cha kati, na dukani alikuwa amewekwa peke yake, jambo la busara kwa sababu hamsta hawa wakichanganywa huweza kuumana vibaya. Jioni, akiamka, hujaza ulezi mashavuni mpaka kichwa kinazidi kiwiliwili kwa upana, kisha huenda pembeni na kuukamua wote kwa viganja. Shangazi alipotutembelea kutoka Magu aliuliza kwa upole, "Mwanangu, panya huyu mmemnunua kwa fedha?"

Tundu ndilo lililotutia mashakani. Waya zake ziliachana zaidi ya sentimita moja na nusu, ilhali kwa hamsta kibete hazipaswi kuachana hata sentimita moja, kwani kichwa kikishapita, mwili hufuata. Usiku wa tatu alitoweka. Tulimkuta alfajiri nyuma ya gunia la mchele, hatua mbili tu kutoka kwenye mtego tuliowategea panya wa kawaida. Siku hiyohiyo nilinunua boksi kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, nikakata kifuniko na kukiwekea wavu wa chuma, maana wa nailoni angeutafuna. Meno yake ya mbele hayaachi kukua.

Gurudumu nalo lilikuwa dogo na la vijiti, likimlazimu kukimbia huku amepinda mgongo. Linalofaa huwa na kipenyo cha sentimita 20 hivi na sehemu ya kukanyagia isiyo na mianya. Maranda waliyonipa yalinuka msonobari. Mabanda ya kuku hapa mjini hutandikwa maranda kila siku, lakini harufu kali ya mbao hizo huwaumiza hamsta njia ya hewa, hivyo nimemtandikia karatasi za chooni zisizo na manukato, nyingi kiasi cha kuchimba handaki.

Chakula kilikuwa karibu chote mbegu za alizeti, ambazo zina mafuta mengi mno. Sasa nampa ulezi, mtama, alizeti chache, na mara mojamoja kipande cha yai la kuchemsha. Ndizi mbivu na embe hapewi, kwa kuwa hamsta vibete hupata kisukari kwa urahisi. Muuzaji hakulitaja hilo, wala hakutuonya kuhusu joto la mchana chini ya bati.

Alichonihakikishia ni kingine: "Mama, subiri tu, huyu atageuka mweupe kama pamba." Ni kweli kwamba aina hii hubadilika rangi kwao, lakini kinachoibadilisha ni kufupika kwa mchana wakati wa baridi. Mwanza, karibu hivi na ikweta, mchana na usiku hulingana mwaka mzima kwa tofauti ya dakika chache. Binti yangu aliusubiri weupe huo hadi Oktoba.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano, zote za afya ya mnyama. Tundu walikubali kulirudisha kwa kubadilishana na mtama, si fedha taslimu, na wiki iliyopita nililiona limetundikwa mlangoni pao, ndani yake kasuku wadogo wawili.