TAHADHARI: Laptopu za mtumba zinazojizima, na muuzaji anayesingizia umeme wa kwako

Ndugu zangu, hasa mnaotafuta laptopu za mtumba kwa ajili ya steshenari, ofisi ndogo au mtoto anayeanza chuo, naomba msome hili kabla hamjatoa hela. Nimepoteza shilingi 1,260,000 kwa laptopu tatu. Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba muuzaji alijua anachoniuzia, na hapa chini nitaeleza nimejuaje.

Nina steshenari Morogoro, jirani na chuo. Mwezi wa tatu nilipanda basi hadi Dar, nikaingia Kariakoo. Duka silitaji jina, maana najua si hilo peke yake, na nataka muujue mchezo wenyewe. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti na maji baridi. Laptopu zilikuwa zimepangwa mezani, zinawaka, zimefutwa hadi zinang'aa, zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja ndefu. Kijana akanionyesha Windows inavyofunguka haraka, akajaribu kamera, akacheza video ya dakika mbili. "Hizi zimetoka maofisini Ulaya, dada yangu, hazijachoka." Kila moja 420,000, waranti mwezi mmoja, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya karatasi. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine ina hitilafu, atanitumia kesho. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyanyuka niondoke. Sikuondoka, kwa sababu nilishatumia nauli na nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la jioni.

Siku ya nne, binti wa mwaka wa tatu alikuwa anachapa ripoti yake ya fildi. Laptopu ikazima kama taa iliyokatiwa umeme: hakuna onyo, hakuna skrini ya bluu, feni kimya. Ikawashwa, akaendelea, ikazima tena. Mara ya tatu faili lenyewe likakataa kufunguka. Alibaki amekaa pale anatazama kioo cheusi, vidole bado viko juu ya kibodi, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi.

Nikampigia muuzaji. "Dada, umeme wa mikoani haujatulia, unaua mashine. Nunua stabilaiza." Nikanunua, shilingi 85,000. Wiki hiyohiyo laptopu ya pili ikaanza kuzima, ya tatu ikafuata. Nilipompigia tena akaniuliza kama nyumba yangu ina waya wa ethi, halafu akaniambia waranti haihusu betri, haihusu chaja, wala kitu chochote kinachohusiana na umeme. Sasa kompyuta ina nini kisichohusiana na umeme?

Naomba hili lishikeni vizuri, maana ndilo wanalotufungia nalo mdomo. Laptopu ina betri yake. Umeme wa ukutani ukikatika, laptopu isiyo na ubovu inahamia kwenye betri na wewe unaendelea kuchapa. Kama umeme ukiyumba kidogo tu nayo inazima papo hapo, basi TANESCO si mkosaji. Betri imekufa, au njia ya umeme ndani ya mashine ina tatizo, na vyote viwili umeuziwa.

Fundi wa mtaani kwetu alizifungua zote mbele yangu. Betri ya ile ya kwanza ilikuwa na lebo nyeupe, safi, imeandikwa 2022. Akaiinua pembeni kwa ukucha, ikaachia taratibu kama stika ya daftari. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, imefifia na kukwaruzika, imeandikwa 2016. Nikaipiga picha nikiwa bado siamini.

Kisha akanifundisha kitu ambacho kila mnunuzi anaweza kufanya akiwa bado dukani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha kwenye dirisha linalofunguka andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter tena. Windows inaandika ripoti na kukuonyesha imeiweka wapi, ifungue. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao leo. Ya laptopu ile ya kwanza ilitoka kiwandani na 46,740 mWh (kipimo cha chaji). Iliyobaki ilikuwa 9,100. Haifiki hata moja ya tano.

Ushushe chini zaidi, kuna historia ya betri kwa wiki zilizopita. Hapo ndipo nilipokaa chini. Windows ilikuwa imepigwa wiki sita kabla sijanunua (amri ya systeminfo inaonyesha tarehe), na kwa wiki zote hizo sita, ikiwa dukani, betri ilikuwa kwenye elfu tisa hiyohiyo. Fundi akafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows inaandika kila linalotokea. Kwenye sehemu ya System, tukio la zamani kuliko yote lilikuwa namba 104, maana yake ni kwamba kumbukumbu zimefutwa. Zilifutwa siku moja kabla mimi sijafika Kariakoo. Baada ya hapo ni Kernel-Power 41 nyingi, tukio linaloandikwa pale mashine inapowaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Muuzaji alifuta daftari, historia ya betri akaisahau.

Ya pili ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilikuwa inazima baada ya robo saa ya kazi, na chini ukigusa inaunguza. Ndani, vumbi lilikuwa limejishona kwenye njia ya hewa kama kipande cha blanketi, na pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto, imekauka inapukutika. Prosesa ikipata joto la karibu nyuzi 100 hujipunguza kasi, na ikishindwa inajizima yenyewe isiungue. Kusafisha na kupaka pesti mpya ilikuwa 25,000, na hiyo inafanya kazi mpaka leo. Ndiyo maana video ya dakika mbili dukani haithibitishi chochote.

Ya tatu ndiyo mbaya. Chaja yake imeandikwa 19.5V na 3.34A, yaani wati 65, lakini ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu. Fundi aliipima kwa mita: ikiwa haina kazi inatoa 19 na kitu, mashine ikianza kuvuta inashuka hadi 14. Tukaazima chaja nzuri, bado ikazima. Kwenye bodi, pale chaji inapoingilia, kulikuwa na solda mpya inayong'aa na alama ya kuungua pembeni. Kuna mtu alishaitibu, ikashindikana, ikarudishwa mezani kuuzwa.

Kwa hiyo ukifika dukani, chomoa chaja. Usiombe ruhusa kwa aibu, ni hela yako. Ikizima hapohapo, umeshapata jibu. Isipozima, kaa nayo nusu saa ikiwa kwenye betri, fungua video mtandaoni, vichupo kumi na Word, na uangalie asilimia inavyoshuka. Ikiruka kutoka 60 hadi 12 ghafla, iache. Nasisitiza jaribio hilo la nusu saa kwa sababu chipu ya betri bandia inaweza kudanganya hata kwenye ripoti. Igeuze, uangalie kama mfuniko wa chini au padi ya kipanya imenyanyuka. Betri iliyovimba ni hatari ya moto, hiyo usiibebe kabisa. Chaja unayopewa iwe na wati zinazotakiwa na mashine hiyo. Na uulize prosesa ni ya kizazi cha ngapi, kwa sababu Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa ujumla kizazi cha nane na kuendelea.

Risiti ya EFD usiiache. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na malalamiko yanapokelewa Tume ya Ushindani, lakini bila risiti unaanza kwa kuthibitisha kwamba ulinunua. Mimi nina ujumbe wa muamala wa simu tu, na nimeuambatanisha na ripoti za betri na picha za lebo.

Niliporudi Kariakoo na laptopu mbili, muuzaji aliniambia niongeze 150,000 kwa kila moja anibadilishie. Wengi wanaingia hapo, kwa sababu umechoka na unataka kurudi nyumbani na kitu. Nilikataa, nikabeba mashine zangu. Yule binti alirudia kuchapa ripoti yake kwenye kompyuta yangu ya mezani ya zamani, akakabidhi ikiwa imechelewa siku mbili.

Kama na wewe umenunua laptopu yenye dalili hizi, fundi akikuambia "tupige Windows upya kwanza", mwambie asubiri. Ukipiga Windows, historia ile ya betri inapotea. Toa ripoti leo, itume kwenye barua pepe yako, ndipo uguse kingine chochote.